Ufundi wa Kungoja

Mwalimu anapouliza swali, hungoja kwa muda gani kabla ya kumgeukia mtoto mwingine au kujijibu mwenyewe? Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi ya shule za msingi, akapata kwamba muda huo kwa kawaida ulikuwa kama sekunde 1. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema, na maswali yakaanza kutoka kwa watoto wenyewe. Ukizisoma kwenye karatasi, sekunde tatu hazina uzito. Zingoje mbele ya darasa lililojaa, kengele ikikaribia kulia, na mhadhiri kutoka chuoni ameketi nyuma na fomu yake ya alama, ndipo utakapojua urefu wake.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa. Nasomea hapa Kenya stashahada ya ualimu wa shule za msingi, ile iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 mnamo 2021, na chuoni teknolojia haitupi nafasi ya kuisahau. Tunaandaa slaidi, tunatafuta video, tunajifunza kuingiza alama kwenye tarakilishi. Mtaala wa umilisi (CBC) umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, kwa hivyo hata mtoto wa Gredi ya Kwanza kule Kuresoi, ambako asubuhi nyingine ukungu hufika darasani kabla ya mwalimu, anatarajiwa kuugusa. Sina ugomvi na hayo. Lakini ufundi ulioniacha kinywa wazi nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha upande wa Njoro, hapa kwetu Nakuru, haukuhitaji umeme.

Mwalimu mlezi wangu alikuwa wa Gredi ya Tatu. Akishauliza swali, aliiweka chaki mezani, na watoto wake walijua maana yake: hakuna kitakachoandikwa ubaoni hadi mtu afikiri. Mikono ilipanda, vidole vikalizwa, “Ticha! Ticha!” ikasikika kila pembe, naye hakumchagua aliyewahi. Alitembea taratibu hadi kwenye dawati la mtoto ambaye mkono wake haukupanda, akasimama kando yake, lakini macho akayapeleka dirishani, kwenye shamba la ngano la jirani, yasije yakamlemea. Siku moja swali lilikuwa 34 kutoa 15, na mtoto alikuwa msichana mwenye sauti ya chini sana.

“Ishirini na moja.”

Darasa likacheka. Mwalimu akainua kiganja na kicheko kikakatika.

“Umeipataje, mama?”

Akangoja tena. Msichana akaeleza: tatu ukitoa moja ni mbili, tano ukitoa nne ni moja. Na kwa nini ameanza na tano ilhali nne ndiyo iliyo juu? Kwa sababu, alisema, kikubwa hakitoki kwa kidogo.

Hapo ndipo nilipouelewa ufundi ule. Jibu la mtoto halikuwa la kubahatisha. Lilikuwa na kanuni yake, kanuni aliyoambiwa na mtu mzima akaishika kwa uaminifu kuliko mwalimu alivyotaka. Mwalimu hakufuta kitu. Alichukua vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa raba, akampa mafungu matatu na vijiti vinne vya pekee, akamwomba ampe kumi na tano. Mtoto alipofika kwenye kijiti cha tano akakikosa, akalitazama fungu, akamtazama mwalimu, kisha akaifungua raba mwenyewe.

Programu nyingi za hesabu nilizozijaribu zingemfanyia nini msichana huyo? Zingempigia mlio wa kosa, zikamwonyesha 19, zikamletea swali jingine lenye tarakimu nyingine. Naye angeipeleka kanuni yake ileile kwenye swali la pili, la tatu na la nne, kwa kasi inayoongezeka, kwa sababu pembeni mwa kioo dakika zinahesabika kurudi nyuma. Mashine inajua kwamba amekosa. Haijui amekosa nini, na haina haja ya kujua, maana haikutengenezewa kuuliza.

Nasema programu nyingi, sisemi mitambo yote, kwa sababu kifaa kilichoukaribia zaidi ufundi wa mwalimu wangu kilifika Kenya kabla sijazaliwa, nacho ni redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo baadaye ilikuja kuwa KICD, iliendesha pamoja na Wamarekani mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu. Kipindi kilikuwa cha nusu saa. Mbinu yake ilikuwa imezaliwa Nicaragua muongo uliotangulia, katika vipindi vya hesabu: redio inauliza, kisha inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, wanasimama, wanaonyesha kitu, wanaandika, redio inaendelea kana kwamba imewasikia.

Haikuwasikia, bila shaka. Redio ni kiziwi. Lakini kimya kile hakikukisiwa studioni. Vipindi vilijaribiwa katika madarasa halisi, watu wakakaa na watoto, wakaona ni wapi wanajikwaa na ni wapi wamekwisha kujibu na sasa wanasukumana viwiko, wakarudi kurekebisha. Yaani mtu fulani, kwa mkono wake, aliingiza subira ndani ya kanda ya sauti. Katika mambo yote niliyosoma kuhusu teknolojia ya shuleni, hilo ndilo ninalolionea wivu zaidi. Na corona ilipozifunga shule Machi 2020, ni redio tena iliyobisha hodi katika nyumba zisizo na intaneti wala televisheni.

Vishikwambi vilikuja kwa kishindo kikubwa zaidi. Ahadi ya uchaguzi wa 2013, kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata tarakilishi yake, ilianza kutimizwa 2016 kwa majaribio katika shule 150. Vifaa viliundwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja na washirika wake wa nje, na katika miaka michache vikapita milioni 1 katika shule za msingi za umma. Shule nyingi zilivutiwa umeme kwa ajili yake, na hata kama hakuna lingine lililopatikana, taa si jambo dogo. Lakini tembelea shule za Bonde la Ufa uulizie vifaa hivyo; hutakosa ile ambayo itakuonyesha kabati la chuma lenye kufuli. Kikipotea, nani atalipa? Swali hilo moja lilivifungia ndani vingi hadi betri zikafa.

Kuna utafiti ambao ningependa kila mwalimu mtarajiwa ausome kabla ya kuahidiwa kifaa chochote. Ulifanyika Kisumu, chini ya mradi wa kusoma wa PRIMR, uliokuwa pia Nakuru, Kiambu na Nairobi, na Benjamin Piper na wenzake wakauchapisha 2016. Kundi moja la shule lilipewa vitabu na maandalio ya somo, na kishikwambi akapewa afisa anayezunguka kuwashauri walimu. Kundi la pili, kishikwambi alipewa mwalimu mwenyewe. La tatu, kila mtoto alipewa kifaa cha kusomea vitabu. Makundi yote matatu yalizipita shule ambazo hazikupewa kitu. Lakini yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe, hapakuwa na tofauti ya maana, ingawa gharama zilitofautiana sana. Fedha zilizomwagwa hadi kwenye vidole vya watoto hazikununua usomaji zaidi ya zile zilizomfikia mtu mmoja anayeketi nyuma ya darasa, anatazama, kisha anazungumza na mwalimu wakati wa mapumziko.

Tusome, mradi wa kitaifa ulioanza 2015, ulifuata njia hiyo ya afisa na kishikwambi chake. Naipenda, ila nina neno. Afisa alimwita mtoto asome, na kifaa kikahesabu maneno kwa dakika. Kwa mkuu wa elimu kaunti, takwimu hiyo ni ya thamani; bila hiyo hajui pa kupeleka msaada. Shida huanza namba inaposhuka kutoka ofisini ikaingia darasani na watoto wakaanza kusoma kama matatu za kuelekea Nairobi, kila moja ikitaka kuipita nyingine, bila abiria hata mmoja kuona Ziwa Elmenteita likipita dirishani.

Basi siku nikipewa darasa langu, nitafanya nini na vyombo hivi? Jambo la kwanza ni sauti. Madarasa ya Nakuru mjini yana Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii, Mluo na Mturkana kwenye dawati moja, na Kiswahili ndicho wanachokutania, kila mmoja akija nacho na lafudhi ya kwao. Mtoto anayesoma kwa sauti hajisikii. Nguvu zake zote zimekwenda kwenye herufi. Mrekodi kwa simu, umrudishie, ukae kimya. Nilipojaribu hilo wakati wa mazoezi, sikuhitaji kusahihisha kitu. “Nimeruka neno,” mtoto alisema, akakiomba kitabu tena. (Kisha nikaifuta sauti yake mbele yake. Sauti ya mtoto si mali ya mwalimu, wala si ya kupeleka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.) Hapa mashine imefanya jambo ambalo mimi siwezi: imemfanya mtoto kuwa msikilizaji wake mwenyewe.

La pili ni projekta, inapokuwepo. Wengi wetu tunaitumia kurushia slaidi zenye maneno yaleyale ya kitabu, jambo ambalo ubao ungelifanya bila kupoteza dakika za kutafuta waya. Mimi ningerusha picha ya ukurasa wa daftari wenye kosa zuri, jina limefichwa na mwenyewe ameridhia, niwaulize wenzake: huyu alifikiri nini?

La tatu litanitoa darasani. Kilomita chache kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara ya Nairobi, pana Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, na ambako mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba. Watoto wengi wa Nakuru hupita hapo wakiwa ndani ya magari bila kujua kwamba watu wa hapa walihesabia juu ya jiwe. Ningewapeleka, wapige picha mashimo, wayapime kwa kamba, wayachore. Tukirudi, kishikwambi kitatuonyesha jinsi bao linavyochezwa Lamu na Zanzibar. Halafu kitarudi kabatini, nasi tutachimba mashimo uwanjani, maana udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano na mtoto anaweza kuuchimba kwa kijiko, tusake kokoto, tuketi wawili wawili. Kwenye bao la mchangani hakuna anayekuharakisha ila mpinzani wako, na yeye naye anapiga hesabu.

Ukiniambia kwamba hayo ni maono ya mwanafunzi ambaye hajaonja kazi, nitakuelekeza Njoro tena, kijiji cha Pwani, katika Shule ya Sekondari ya Keriko. Mwalimu wa sayansi wa hapo, Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alipokea Dubai mnamo Machi 2019 Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, ya dola milioni 1. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kubabaisha. Hata hivyo, alitumia teknolojia katika asilimia 80 ya masomo yake. Alikwenda kwenye saibakafe, akapakua alichokihitaji, akarudi nacho darasani kukitumia bila mtandao. Dunia ilimsifu kwa ukarimu, maana sehemu kubwa ya mshahara wake aliwapa maskini, na alistahili. Mimi namsifu pia kwa jambo dogo la kiufundi. Mtu anayetembea hadi mjini kutafuta video moja amekwisha kuamua inakwenda dakika ya ngapi ya somo, itasimamishwa wapi, na ataiuliza nini. Andalio la somo limeandikwa miguuni. Anayefungua mtandao mbele ya darasa kutafuta “kitu cha kuwaonyesha” hana andalio, hata kama ameliandika kwa wino wa rangi tatu.

Kwa hivyo nina ombi kwa vijana wa Nairobi, na wa hapa kwetu Nakuru pia, wanaotunga programu za watoto wadogo. Fanyeni kama wale wa redio: njooni. Pandeni matatu hadi Molo, kisha bodaboda hadi shule iliyo juu zaidi, mwezi wa Julai, vidole vya watoto vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Msiketi na mwalimu mkuu ofisini. Ketini dawati la nyuma kabisa. Mwalimu wa darasa atawapa chai, na pamoja na chai atawapa orodha yake. Programu ifanye kazi bila intaneti. Izungumze Kiswahili ambacho watoto hawa wanakielewa. Baada ya jibu, liwe sahihi au lisiwe, iwe na mahali pa mtoto kueleza kwa sauti yake alivyolipata, na mwalimu aweze kuisikiliza jioni. Na hicho kipima muda kinachohesabu kurudi nyuma pembeni mwa kioo, kiondoeni.