Mikono, Barua na Dhamiri ya Mkunga

Tunaposikia kwamba mkunga Mkristo amekataa kushiriki katika utoaji mimba, wengi wetu humsifu kabla ya kuuliza alikataa nini hasa, na ni nani aliyebeba gharama ya kukataa kwake. Kesi ya wakunga wawili Wakatoliki wa Glasgow, Mary Doogan na Concepta Wood, inatufundisha kuuliza.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Utoaji Mimba ya Uingereza ya mwaka 1967 kinamruhusu mhudumu wa afya kukataa kushiriki katika kazi hiyo kwa ajili ya dhamiri. Lakini hakimwondolei wajibu wa kuokoa maisha ya mama au kumkinga na madhara makubwa ya kudumu. Wakunga hawa walikuwa wasimamizi katika wodi ya kujifungulia. Hawakutakiwa kutoa mimba wenyewe. Walitakiwa kuwapangia wenzao kazi hiyo na kuwasimamia. Wao walisema hata hilo ni kushiriki. Walishindwa mwaka 2012, wakashinda rufaa mwaka 2013. Kisha tarehe 17 Desemba 2014, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba kushiriki ni kutenda kwa mikono, si kupanga wala kusimamia.

Kama tafsiri ya sheria, uamuzi huo unaeleweka, maana pasipo mpaka kila mfanyakazi wa hospitali angeweza kudai kwamba anashiriki. Kwa kipimo cha imani, hautoshi. Daudi hakumgusa Uria kwa upanga. Aliandika barua tu, na bado nabii Nathani alimhesabia damu ile. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mkunga kwamba dhamiri yake inakosea kusumbuka kwa kuwa mikono yake haikugusa kitu.

Hata hivyo, ukosoaji huu unaturudia sisi wenyewe. Tunapenda kuwataja Shifra na Pua, wakunga waliomkaidi Farao. Tunasahau kwamba hatari ya ukaidi wao waliibeba wao, wala hawakuacha kuwahudumia akina mama. Mhudumu anayekataa waziwazi, akawa tayari kuhamishwa au kukosa cheo, anaishuhudia imani yake. Lakini anayemwacha kwenye benchi mama anayevuja damu baada ya kutoa mimba, eti ajifunze, hana dhamiri ya kutetea. Mimba imekwisha kutoka. Uhai uliobaki kuokolewa ni wa mama huyo. Kuhani na Mlawi katika njia ya Yeriko nao walipita kando.

Mahakama ilisema pia kwamba anayekataa amkabidhi mgonjwa kwa mwenzake asiye na pingamizi. Wapo miongoni mwetu wanaoona hata hilo ni kushiriki, na tunauheshimu uzito wa neno lao. Lakini kumwambia mama mapema, kwa upole na bila kumhukumu, kwamba kazi hii sitaifanya, ni ukweli anaostahili.

Wauguzi na wakunga tunaketi nao kila Jumapili. Atakayepoteza kazi kwa ajili ya dhamiri asikute kanisa lina makofi tu bila msaada. Na mama aliyetoka wodini akilia, naye apate nafasi kwenye benchi letu.