Anguko la godoroni na anguko la sakafuni

Kihisi cha mwendo anachovaa mzee hakijui kuanguka ni nini. Kinapima mchapuko tu, kwa pande tatu, mara nyingi katika kila sekunde. Mtu akitulia, kinasoma g 1, yaani mvutano wa dunia. Akiporomoka, namba inashuka kuelekea sifuri kwa muda usiotimia sekunde moja, kisha mwili ukigonga sakafu inaruka ghafla hadi g 3 au zaidi. Baada ya hapo grafu inanyooka, na kifua kilichokuwa wima sasa kimelala. Wahandisi wa mwanzo waliona hiyo inatosha: namba ikivuka kiwango fulani, kengele ilie.

Na kweli ilionekana kutosha. Mwaka 2007, Alan Bourke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ayalandi, walichapisha jaribio la miondoko 480. Vijana walijiangusha juu ya magodoro ya mazoezi, mbele, nyuma, kushoto na kulia, miguu ikiwa imenyooka au imekunjwa. Wazee walifanya shughuli za kawaida, kama kukaa kitini na kuinuka. Kihisi kilichofungwa kifuani kilitenganisha makundi hayo mawili bila kukosea hata mara moja, kwa kiwango kimoja tu: g 3.52.

Hebu tazama ni nani hasa alianguka. Mzee wa miaka 75 hawezi kuombwa ajitupe chini kwa ajili ya sayansi, kwa hiyo kijana humwigizia. Watafiti wa Kolombia waliotoa hazina ya data ya SisFall mwaka 2017 walikuwa na wazee 15, na aliyeigiza kuanguka ni mmoja tu, wa miaka 60, mtaalamu wa judo. Yaani mtu aliyefundishwa kuanguka!

Hesabu ilibadilika mwaka 2012. Fabio Bagalà na wenzake walichukua kanuni 13 za kutambua maanguko zilizokwisha kuchapishwa wakazijaribu kwa maanguko 29 ya kweli, yaliyonaswa wagonjwa wakiwa katika maisha yao ya kila siku. Kwa wastani kanuni hizo zilitambua asilimia 57 tu. Kengele za uongo nazo, katika siku moja ya kufuatilia wagonjwa watatu, zilikuwa kati ya 3 na 85 kutegemea kanuni. Kengele 85! Binti anayemuuguza mama yake angekizima kifaa kabla ya chakula cha mchana.

Sababu iko mwilini. Kijana anayejua kuna godoro hujiachia mzimamzima. Mzee hudaka ukuta, hushika ukingo wa meza, huteleza kitandani taratibu mpaka akajikuta ameketi chini. Kishindo chake kinaweza kuwa kidogo kuliko cha bibi mzima wa afya anayejibwaga kwenye kochi. Ukishusha kiwango, bibi wa kochini anapigiwa kengele kila jioni. Ukikipandisha, aliyeteleza kitandani anabaki sakafuni. Hata chanzo cha anguko la kweli si kama cha kujitupa godoroni: kamera za nyumba za wazee huko Kanada, katika utafiti wa Stephen Robinovitch wa mwaka 2013, zilionyesha kwamba sababu kubwa kuliko zote ya wazee kuanguka ni kuhamisha uzito wa mwili vibaya, asilimia 41. Kujikwaa ni asilimia 21.

Siku hizi mashine hujifunza yenyewe, na vihisi vya mzunguko na vya kanieneo ya hewa vimeongezwa. Ni hatua, ila mashine iliyolishwa maanguko ya vijana itatambua vijana. Mimi navutiwa zaidi na kinachofuata baada ya kishindo. Saa ya mkononi ya Apple Watch, tangu toleo la mwaka 2018, humuuliza mvaaji kwanza kama yuko salama, na asiposogea kwa takriban dakika moja hupiga simu ya dharura yenyewe. Muda huo wa baada ya kishindo ndio wenye hatari, maana kulala sakafuni saa nzima bila msaada kunaweza kuua hata pale ambapo hakuna mfupa uliovunjika. Shida ni kwamba mwenye nyonga iliyovunjika akijiburuta kuelekea mlangoni naye anasogea, na saa itaendelea kumsubiri abonyeze kitufe.