Gari "la Nje ya Barabara" na Tairi "Kubwa": Istilahi Mbili Zinazopotosha

Wafasiri wa vitabu vya magari hukutana mara kwa mara na maneno mawili ambayo kwa sura ya kwanza hayana taabu yoyote. La kwanza ni jina la magari yenye uwezo wa kupita matopeni, mchangani na juu ya miamba, ambalo wengi hulifasiri neno kwa neno kuwa "gari la nje ya barabara". La pili ni "tairi kubwa". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi zote mbili hazifai. Kasoro yake si ya masikio tu: mwenye kuzifuata aweza kuvunja sheria au kuharibu gari lake.

Tuanze na ile ya kwanza. Dereva wa kwetu akiambiwa kwamba gari limetoka nje ya barabara, haulizi ni gari la aina gani. Huuliza wangapi wameumia. Kiswahili tayari kimekwisha kulipa fungu hilo la maneno maana ya ajali, sawa na "kuacha njia". Zaidi ya hayo, lugha yetu hutenganisha barabara, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, na njia, ambayo yaweza kuwa mkondo wowote unaopitika. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea katika tafsiri hii.

Chukua mfano wa mji wa Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Tangu mwaka 1967 wenye magari ya aina hii hukusanyika huko majira ya Pasaka kwa ajili ya Easter Jeep Safari. Hupanda miamba ya mchanga mmoja nyuma ya mwingine, wakimfuata kiongozi anayeijua njia. Lami wameiacha, lakini njia hawakuiacha. Amri namba 11644 ya Rais Nixon, iliyotolewa mwaka 1972, ilizitaka idara zinazosimamia ardhi ya serikali kuu ya nchi hiyo zibainishe maeneo na njia zilizo wazi kwa magari hayo, na zile zilizofungwa. Basi mfasiri akiandika kwamba hayo ni matembezi ya "nje ya barabara", msomaji ataelewa kwamba dereva ana ruhusa ya kukata popote apendapo, jambo ambalo ndilo hasa amri ilikusudia kulizuia. Mtumishi wa serikali anayeandika kanuni za hifadhi zetu za wanyama, ambamo kwa kawaida madereva hukatazwa kuacha njia, ana haja ya kutahadhari zaidi.

Sisi twapendekeza "gari la njia korofi". Sifa ya ukorofi wa njia imekwisha kuzoeleka magazetini na vinywani mwa madereva, wala haihitaji kufundishwa. Matembezi yenyewe yaitwe "msafara wa njia korofi". Huenda msomaji akauliza kwa nini tusitumie "safari", nalo ni neno letu ambalo Kiingereza kiliazima. Kama ni sehemu ya jina la tukio, libaki. Lakini kwetu sisi hata aendaye sokoni kwa basi yumo safarini, ilhali msafara ni watu wanaokwenda pamoja kwa mpango, wenye mbele na nyuma yao. Istilahi hii haitafaa kwa mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1989, kwa kuwa huko washindani hukata porini kutafuta umbali mfupi kati ya vituo. Hao kweli wako nje ya njia, na yafaa isemwe hivyo.

Sasa tuitazame "tairi kubwa". Kwanza, baadhi ya vitabu huandika "gurudumu" mahali pa "tairi". Fundi hachanganyi hivyo: tairi ni mpira, rimu ni chuma, na gurudumu ni vyote viwili vikiwa pamoja. Pili, neno "kubwa" halisemi ni ukubwa wa wapi. Tairi lililoandikwa 265/75R16 lina upana wa milimita 265. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 75 ya upana huo. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi zake zilivyopangwa. Na rimu yake ni ya inchi 16. Kimo cha tairi zima ni kama milimita 804. Mwenye gari akifunga 285/75R16, kimo kitakuwa kama milimita 834. Difu itapanda kwa nusu tu ya nyongeza hiyo, yaani milimita 15. Tairi laweza kusugua madigadi usukani ukikatwa. Na kipimamwendo kikionyesha 80, gari litakuwa linakwenda karibu 83. Lakini akinunua 285/60R18, atapata tairi pana zaidi lenye rimu kubwa zaidi, na bado kimo chake ni kama milimita 799, yaani fupi kuliko la kwanza! Yote mawili yameitwa "makubwa". Mfasiri hana budi kutaja "upana", "kimo" au "rimu", kwa kadiri ya maana iliyokusudiwa.

Kosa la namna hiyo lipo pia katika agizo la "kutoa upepo" kabla ya kuingia mchangani. Kinachotakiwa ni kupunguza upepo ili tairi litandae na kushika. Anayeutoa wote atabaki amekalia rimu.

Maneno tunayoyapendekeza hatukuyabuni. Mengi yamekuwamo katika karakana kwa muda mrefu. Tunawaomba walimu wa ufundi wayajaribu mbele ya wanafunzi wao, tairi likiwa chini mbele yao, kisha watuandikie ni lipi lililoeleweka na ni lipi lililokwama, kabla orodha haijapelekwa kusanifishwa.