Upweke wa Anayetazamwa

Filamu ya The Station Agent, iliyotungwa na kuongozwa na Tom McCarthy mwaka 2003, ilitengenezwa kwa takriban dola nusu milioni, kiasi ambacho kwa sinema za Marekani ni sawa na hakuna kitu. Ufukara huo haukuidhuru. Pengine ndio ulioinusuru, maana pasipo fedha za kuteketeza majumba na kupindua magari, mtunzi hubaki na watu wake watatu, stesheni iliyohamwa, na reli.

Mhusika mkuu ni Finbar McBride, aliyeigizwa na Peter Dinklage, mtu mzima ambaye kimo chake ni kama sentimita 135. Anafanya kazi katika duka la treni ndogo za mfano la rafiki yake Henry, mjini Hoboken. Henry anafariki ghafla na kumwachia urithi wa stesheni kuukuu huko Newfoundland, jimbo la New Jersey. Fin anahamia humo akitaka jambo moja tu: aachwe.

Hapa ndipo penye uzito. Upweke uliozoeleka katika fasihi ni wa aliyeachwa: mjane, msafiri, mpenzi aliyetupwa. Upweke wa Fin ni wa mtu asiyeachwa hata dakika moja. Watoto wanamkejeli njiani, watu wazima wanageuza shingo, na mwuza duka anatoa kamera na kumpiga picha pasi na ruhusa. Macho yote ni kwake, na hakuna hata moja linalomwona. Kimya chake, basi, si kiburi wala si maradhi. Ni mlango alioufunga mwenyewe. (Kiswahili nacho hakina pa kujificha: neno mbilikimo, litamkwapo sokoni, huja na kicheko chake.)

Anayeugonga mlango huo ni Joe, kijana mwenye asili ya Cuba, aliyeshika gari la baba yake mgonjwa la kuuzia kahawa na vitafunwa, karibu na stesheni. Joe ana maneno mengi kuliko wateja. Msomaji wa pwani atamtambua mara moja: ndiye yule afikaye barazani kabla kete hazijapangwa, na asiyeondoka ila kwa adhana. Anaahidi kukaa kimya Fin anaposoma, na ahadi haidumu. Kicheko cha filamu kinatoka hapo, si katika kimo cha mtu. Olivia, mchoraji aliyefiwa na mwanawe, nusura amgonge Fin kwa gari mara mbili. Lakini hamkodolei macho. Msiba haukumwachia nafasi ya kumshangaa mtu.

Tukio bora kuliko yote ni la kulifukuza garimoshi. Olivia amempa Fin kamera. Joe anaendesha gari sambamba na reli, Fin anapiga picha, kisha wote watatu wanaitazama filamu yao hiyo nyumbani kwa Olivia. Chombo kile kile kilichomdhalilisha dukani sasa kimo mkononi mwake, naye ndiye atazamaye. McCarthy halisemi hili. Analipitisha tu.

Laiti angeendelea hivyo. Katika baa, Fin aliyelewa anapanda juu ya kaunta na kuwataka wote wamtazame. Tukio hilo linapiga kelele kwa yale ambayo filamu ilikwisha kuyanong'ona vyema zaidi. Kadhia ya Emily, mkutubi mjamzito, nayo imefumwa kwa uzi mwembamba mno. Hata hivyo, tuzo ya watazamaji na ile ya mswada bora katika tamasha la Sundance mwaka 2003 hazikutolewa kwa huruma.

Mwisho, watatu hao wameketi kibarazani wakizungumza mambo madogo. Joe bado ni msemaji. Safari hii Fin anamjibu.