Mmalayali katika Kioo cha Sinema

Kucheka si dhambi, na mtunzi wa vichekesho ana haki ya kumchagua mtu atakayemfanyia mzaha. Walakini kicheko kina asili mbili. Kipo kicheko kinachozaliwa na kumtazama mtu kwa makini mpaka vituko vyake vikajulikana, na kipo kicheko kinachozaliwa na uvivu wa kumtazama. Katika insha hii nataka wewe msomaji uzipime pamoja nami filamu chache za Bara Hindi zilizomwonyesha mtu wa Kerala, au jirani yake wa kusini, ili tuone kila moja imezaliwa na kicheko gani.

Wamalayali ni watu wenye kusema Kimalayalamu, lugha yenye maandishi yake na fasihi yake, iliyo katika ukoo mmoja na Kitamil, Kitelugu na Kikannada. Makao yao ni Kerala, ukanda mwembamba wa pwani na milima upande wa kusini-magharibi wa India. Pwani hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi, akiongozwa na rubani aliyeijua bahari, akafika karibu na Kozhikode, mji wa pilipili manga. Jimbo lenyewe liliundwa tarehe 1 Novemba 1956, India ilipogawa majimbo yake kwa kufuata lugha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 33; Wahindu walipita nusu kidogo, Waislamu walikuwa zaidi ya robo, na Wakristo zaidi kidogo ya sehemu moja katika sita. Katika kila watu 100 wenye umri wa miaka saba na zaidi, 94 walijua kusoma na kuandika.

Kwa muda mrefu mtu wa kaskazini hakuyajali haya. Wakati wa utawala wa Waingereza, sehemu kubwa ya kusini iliitwa Jimbo la Madras, na kwa hiyo kila mtu atokaye huko akaitwa Mmadrasi. Mtamil alikuwa Mmadrasi, Mtelugu Mmadrasi, Mmalayali Mmadrasi, hata yule aliyetoka Travancore au Cochin, nchi zilizokuwa na wafalme wao na ambazo hazikuwa sehemu ya Madras hata siku moja. Wote walitiwa katika mkumbo mmoja. Na mtu wa namna hiyo alishonewa sare: ngozi nyeusi, nywele zinazometameta mafuta ya nazi, shuka kiunoni, na ulimi mzito usioweza kutamka Kihindi bila ya kukiumiza. Shuka hiyo, ambayo Wamalayali huiita mundu, ni nguo ya heshima, mfano wa kikoi cha watu wetu wa pwani. Katika sinema za Bombay iligeuka kuwa nguo ya kuchekesha.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni filamu ya Padosan, iliyotoka mwaka 1968. Ndani yake kijana mmoja wa kaskazini anampenda msichana jirani, na msichana huyo anafundishwa muziki na mwalimu wa kusini aitwaye Pillai. Mchekeshaji Mehmood ndiye aliyemwigiza mwalimu huyo, kwa ustadi usiokanika: macho yanazunguka, kishungi cha nywele kinatikisika, na Kihindi chake kimepinda kila pembe. Jina la Pillai hupatikana kwa Watamil na kwa Wamalayali pia. Filamu haikujali kutuambia. Sasa tazama yanayotokea katika shindano la kuimba, ambalo watazamaji wa India wanalikumbuka hadi leo. Mwalimu Pillai anaujua muziki. Ndiyo kazi yake. Kijana hajui kuimba hata kidogo. Anafumbua na kufumba midomo tu dirishani, na rafiki yake aliyejificha nyuma yake ndiye anayeimba. Mwenye elimu anashindwa na mwenye hila, na sisi watazamaji tunaelekezwa tufurahi.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara hucheka, maana imetengenezwa vizuri mno. Lakini jiulize, msomaji: kama mwalimu angekuwa mtu wa Delhi mwenye Kihindi safi, je, udanganyifu ule ungetupendeza vile vile? Nadhani tungemhurumia. Shuka na lafudhi ndizo zilizotuondolea huruma kabla hatujapata nafasi ya kufikiri, na huo ndio uovu wa kikaragosi hiki. Hakikutuambia tumchukie mtu. Kilitufundisha tu kwamba kumdhulumu yeye hakuna uzito.

Wala mambo hayo hayakuishia dirishani. Katika Bombay ya miaka hiyo watu wa kusini walikuwa makarani, wapiga taipu na wenye mikahawa. Mwaka 1960 mchoraji wa katuni, Bal Thackeray, alianzisha gazeti la Marmik, ambalo lilichapa orodha za majina ya watu wa kusini waliokuwa na vyeo katika ofisi za mji. Mwaka 1966 alianzisha chama cha Shiv Sena. Wafuasi wake walivumisha wito wa kuwafukuza wavaa shuka, na mikahawa ya watu wa kusini ikashambuliwa. Mingi ya mikahawa hiyo ilikuwa ya watu wa Udupi, wasemao Kitulu na Kikannada, ambao si Watamil wala si Wamalayali. Lakini kwa mrusha mawe wote walikuwa Wamadrasi. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyorusha mawe. Nasema kwamba sinema na mrusha mawe walitumia kamusi moja.

Tuje karibu zaidi na siku zetu. Agosti 2025 ilitoka filamu ya Param Sundari, ambamo kijana tajiri wa Delhi anakwenda Kerala na kumpenda msichana wa huko, aliyeigizwa na Janhvi Kapoor. Filamu hii ina nia njema, na hiyo ndiyo inayoifanya istahili kuchunguzwa. Msichana anamkaripia kijana kwa kutojua kwamba kusini kuna majimbo mengi, kila moja na lugha yake na mwigizaji wake mkuu. Karipio zuri! Lakini mwenye kukaripia amepambwa kwa vitu vile vile vya zamani: maua ya asumini kichwani, minazi nyuma yake, maji yaliyotulia mbele yake, na Kimalayalamu ambacho Wamalayali wengi walisema masikio yao hayakitambui. Kerala haikosi waigizaji wa kike wenye kusema lugha yao tangu utotoni. Kumwacha fundi wa nyumbani ukaazima mgeni, kisha ukamfundisha mgeni huyo kuwashutumu wengine kwa kutoijua nyumba, ni jambo ambalo ningependa watengenezaji wa filamu walieleze.

Mapambo huudhi tu, uzushi hudhuru. Filamu ya The Kerala Story ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Sudipto Sen, haikutaka kuchekesha. Ilisimulia habari za wanawake wa Kerala waliorubuniwa wakabadili dini na kupelekwa kwa wapiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu, na katika kuitangaza ilidaiwa kwamba wanawake waliopatwa na hayo ni 32,000. Ni kweli kwamba watu wachache wa Kerala, wanawake miongoni mwao, walitoka kwenda kujiunga na kundi hilo. Msiba huo ulistahili filamu ya kweli. Bali ile hesabu haikuwa na msingi. Mei 2023, mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya India, watengenezaji walikubali kuweka tangazo kwamba hakuna takwimu za kuaminika za kuithibitisha na kwamba filamu ni hadithi ya kubuni. Hata hivyo filamu ilijaza kumbi, na mwaka 2025 mwongozaji wake akapewa tuzo ya taifa, jambo lililomkasirisha Waziri Kiongozi wa Kerala wa wakati huo, Pinarayi Vijayan. Samaki mmoja akioza, husema wahenga wetu, wote wameoza. Hapa hata hao samaki wenyewe walihesabiwa kwa kubahatisha.

Mtetezi wa vichekesho atanijibu kwamba sanaa haiwezi kuishi bila kutia chumvi. Nakubali. Wamalayali wenyewe hutia chumvi nyingi. Wao ndio wanaosimulia kwa fahari kwamba Neil Armstrong alipokanyaga mwezi mwaka 1969 alimkuta Mmalayali ameshafungua kibanda cha chai. Mzaha huo unatia chumvi jambo la kweli: kwa miaka mingi vijana wa Kerala, waliosoma wakakosa kazi, wamekwenda Bombay, Madras na Delhi, na tangu miaka ya 1970 kwa maelfu na maelfu katika nchi za Ghuba.

Mzaha ule ule umepata filamu yake katika Nadodikkattu ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Sathyan Anthikad na kuandikwa na Sreenivasan. Vijana wawili, Dasan na Vijayan, wanapoteza kazi zao za utarishi. Dasan ana shahada ya biashara na hachoki kuitaja. Wanakopa benki, wananunua ng'ombe wawili, na tayari wanajiona matajiri wa maziwa. Ng'ombe hawatoi maziwa ya kutosha, na deni linabaki. Kisha wakala mmoja anawaahidi kuwafikisha Dubai kwa jahazi. Wanashushwa ufukweni, wanavaa kanzu za Kiarabu kama walivyoagizwa, wanatembea kwa madaha, mpaka wanapoona vibao vimeandikwa Kitamil. Wameshushwa Madras.

Hapa chumvi ni nyingi kuliko katika Padosan, lakini hatuwezi kuwacheka Dasan na Vijayan bila kuijua njaa yao. Hakuna lafudhi iliyotumiwa kutuziba macho. Tunajua wanatoka wapi, wanadaiwa na nani, na kwa nini mtu mwenye shahada anaweza kuamini maneno ya tapeli. Ukiniuliza kipimo changu cha filamu ya kuchekesha, nitakuonyesha kanzu zile mbili ufukweni.

Haki inadai tuwapime na Wamalayali kwa mizani hiyo hiyo, kwa sababu nyani haoni kundule. Filamu zao zimewacheka jirani zao Watamil kwa muda mrefu, na Kerala yenyewe sasa inajengwa na vibarua waliotoka Bengali Magharibi, Assam, Odisha, Bihar na Jharkhand. Katika mazungumzo ya kila siku wote huitwa Wabengali. Wajukuu wa watu walioitwa Wamadrasi wamepata Wamadrasi wao. Mara kwa mara katika vichekesho vya Kimalayalamu kibarua huyo hupita na karai la zege begani, husema neno moja kwa lafudhi iliyopinda, ukumbi hucheka, naye hutoka bila ya kuulizwa jina wala kwao.