Mama Anayebaki: Malezi na Kuachilia, kutoka Pate hadi Kambi Muru

Usawiri wa mama umehakikiwa sana katika fasihi yetu, lakini takriban kila mara mama huyo hupimwa kwa uvumilivu wake. Husifiwa kwa kuwa ameteseka. Ni nadra kuulizwa aliamua nini, hasa siku ile mwana aliyemlea anapotoka kwenda zake. Makala haya yanaliuliza swali hilo kwa tungo mbili, tukizisoma kutoka Kambi Muru, mojawapo ya vijiji vya Kibera, jijini Nairobi.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili kumwusia bintiye Mwana Hashima. Wahakiki wamezozana mno juu ya utiifu kwa mume, na wana haki yao. Lakini mzozo huo umetufunika jambo jingine. Anayeondoka katika utendi huu ni mama. Binti anabaki, tena ndani ya ukoo wenye jina, kwani marehemu babake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siu. Anawekwa chini ya radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kuachilia, kwa Mwana Kupona, ni kukabidhi. Mwana ni amana, na amana hupokezwa mtu.

Kambi Muru hakuna wa kumpokeza. Kibera ilitengwa rasmi mwaka 1918 kwa ajili ya askari wa Kisudani, ambao wazao wao ni Wanubi wa leo. Hati ya jumuiya, ya ekari 288, ilitolewa mwaka 2017. Kwa karibu karne nzima, basi, mama Mnubi alilea juu ya ardhi asiyoweza kuirithisha kwa maandishi. Mpangaji jirani yake hana hata dai hilo. Na nyumba ya kupanga mara nyingi ni chumba kimoja, futi 10 kwa 10 hivi, pazia ndilo ukuta. Mvulana akibaleghe huenda kulala kwa rafiki au kwa jirani. Asubuhi hurudi kunywa chai kwa mamake. Kawangware hali ni hiyo hiyo. Hapa kuachilia hakungoji arusi wala mauti. Huanza usiku mmoja, kwa sababu ya nafasi tu. Je, mwana huyo ameondoka au hajaondoka? Utendi hauna msamiati wa hali hii.

Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), ingetarajiwa kuwa nao. Paulina anafika Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, akiwa bibi harusi mdogo, mimba zinaharibika, hatimaye anapata mwana, Okeyo, anayeuawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969. Macgoye anayasimulia hayo bila kuomboleza, na hapo ndipo nguvu yake. Hata hivyo Okeyo hakuachiliwa, alinyang'anywa. Riwaya inapokwisha Paulina ana mimba tena, na wengi wameusoma mwisho huo kama tumaini, hata kama kuzaliwa kwa taifa. Sisi (tukimwia radhi mwandishi tunayemheshimu) tunauona pia kuwa ukwepaji: msimulizi anarudi mwanzoni mwa malezi asije akafika mwishoni mwake.

Pengine sababu ni ya kifani. Utendi wa wasia huhitaji kitanda cha mgonjwa, na riwaya huhitaji msiba. Mwana mzima anayekwenda kulala nyumba ya tatu si tukio.

Atatokea wa kupinga kwamba mama wa Kambi Muru hana hiari, na pasipo hiari hapana uamuzi wa kuhakikiwa. Hatukubali. Chumba hakuchagua, lakini anachagua jirani: nani halewi, nani ana wavulana wenye adabu, mlango upi uko karibu akiitwa usiku. Mwana Kupona alitumia beti nyingi kumfunza bintiye namna ya kukaa na watu. Huyu wa Kibera anafanya hesabu ile ile kila jioni, na mtunzi wa kuiandika bado tunamngoja.