Kurudi chamani: hesabu ya motari wa Lusangi

Muulize motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliyejitoa chamani kilichomtoa, atakutajia fedha: jetoni ya kila siku, mchango wa wiki, faini ya kukosa mkutano, na daftari ambalo mweka hazina halifungui mbele ya watu. Akianza kufikiria kurudi, fedha hizo hizo ndizo anazozipima kwanza. Kwa maoni yangu anaanzia pasipofaa. Katika njia za Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, chama ni chombo cha kazi kama pampu au spana, na chombo hupimwa kazini. Basi twende barabarani kwanza, daftari litatusubiri.

Kwenye ramani Kasongo iko kando ya Barabara ya Taifa namba 2, inayounganisha Mbuji-Mayi na Bukavu. Jina kubwa, lakini halijawahi kukausha tope. Kiangazi ni kifupi, takriban Juni hadi Agosti; miezi iliyobaki udongo mwekundu hulowa, hukauka, halafu hulowa tena. Reli ya Kindu inapita Samba, ng'ambo ya Lualaba, na asiye na muda wa kusubiri treni hupanda pikipiki. Hupanda mwalimu, mgonjwa, mchimba dhahabu anayekwenda Namoya, na pamoja nao chumvi, sabuni na jerikani za mawese.

Tupime uzito huo. Pikipiki ya sentimita za ujazo 125 ina takriban kilo 115. Weka dereva na abiria wawili, kila mmoja kilo 65, hiyo ni 195. Jerikani ya mawese ya lita 20 ina kilo 18 hivi bila kuhesabu chombo chenyewe. Jumla ni kama kilo 328, zinazovutwa na injini yenye nguvu ya farasi kama 10. Mzigo mwingi umekaa nyuma ya dereva, kwa hiyo gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Ndiyo maana motari mzoefu hufunga mzigo chini na mbele kadiri inavyowezekana, na penye utelezi huwateremsha abiria kabla hawajamwagwa. Kisha huingia topeni kwa gia ya pili, mafuta yakiwa sawa bila kuvutwa wala kuachiwa ghafla, macho yakiwa mbali na si kwenye tairi. Akishaingia kwenye mfereji wa magurudumu hapigani nao. Anatoka pale mfereji unapopungua kina. Breki ya mbele anaiacha kabisa.

Ajabu ni kwamba baadhi ya sheria hizo ndizo wanazofundishwa matajiri wa Ulaya wanaolipia siku nzima kuzunguka uwanja wa lami kama Brands Hatch au Assen. Mshiko wa tairi ni mfuko mmoja: ukiutumia wote kwa breki, hakuna kinachobaki cha kukunja kona. Wao pia huingia vilabu, hutoka, kisha hujiuliza kama warudi. Ila klabu ya uwanjani ina kitu ambacho chama chetu hakina, gari la wagonjwa linalosubiri pembeni injini ikiwa baridi. Kwetu wenzako ndio gari la wagonjwa.

Hapa ndipo chama kinapopimika. Msafara wa pikipiki tano uliopangwa vizuri una utaratibu wake. Mbele anakaa anayeijua njia, kwa sababu alama ya tairi lake ndiyo wengine watakayoifuata. Wenye mzigo mzito hukaa katikati. Wa mwisho awe fundi, au angalau mwenye spana na pampu, maana kila anayeharibikiwa humkuta yeye. Wengi hukosea hapa: fundi, kwa kuwa ana mkono mzuri, huenda mbele kuonyesha ufundi, na pikipiki ikikatika mnyororo huku nyuma yeye yuko kilomita kumi mbele akinunua mafuta kwa kadhafi, muuza mafuta wa kando ya njia.

Vipuri navyo hugawanywa. Mmoja anabeba mpira wa ndani na viraka, wa pili viungo vya mnyororo, wa tatu bujii na waya wa klachi, wa nne oili. Hili linawezekana pale tu pikipiki zinapofanana. Wanachama wote wakiwa na TVS za namna moja, kila pikipiki ni ghala la mwenzake; mmoja akiwa na TVS, mwingine Haojue, mwingine Senke, mtabeba chuma kingi na kukosa kile kinachohitajika. Sijui kwa nini vyama vyetu hutumia mikutano mirefu kuchagua rangi ya jileti na havitumii hata nusu saa kukubaliana aina ya pikipiki.

Kwenye maji kazi ya kundi huonekana zaidi. Breki za dramu zikishalowa hazishiki, kwa hiyo ukitoka mtoni unakwenda kidogo huku umekanyaga breki taratibu mpaka zikauke. Injini ikizimika ndani ya maji, usipige kiki. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayabonyezeki, na kiki inaweza kuiumiza injini. Toa pikipiki nje, fungua bujii, zungusha injini maji yatoke, tazama oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage. Mtu mmoja hawezi kuitoa pikipiki yenye mzigo katikati ya mkondo. Watatu wanaweza. Hata kuipandisha kwenye mtumbwi kunataka mikono ya watu: mmoja kwenye usukani, mmoja nyuma, mmoja kuushika mtumbwi usikimbie.

Misafara ya karne ya 19 iliyopita Kabambare kuelekea Kasongo, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, ilijua hayo bila pikipiki. Watu wa misafara hiyo hawakwenda kwa kundi kwa sababu ya kupendana.

Sasa tufungue daftari, na tuhesabu kwa lita za mafuta, kwa kuwa faranga hubadilika haraka. Tuchukue mfano. Mchango wa wiki una thamani ya lita 2. Ukiharibikiwa peke yako njiani unapoteza nauli ya siku, tuseme lita 10. Unawalipa vijana waliosukuma, lita 3. Na fundi aliyefuatwa mbali, lita 7. Jumla lita 20. Ukiwa na wenzako hasara haiishi, lakini tuseme inashuka hadi lita 4. Chama kimekuokolea lita 16, yaani michango ya wiki 8. Kwa hiyo ikiwa pikipiki yako huharibika njiani zaidi ya mara moja kwa wiki 8, chama kinakulipa.

Lakini hesabu hiyo ina sharti: wenzako waje. Wakija mara moja katika kila mbili, wiki 8 zinakuwa 4. Wakija mara moja katika kila nne, ni wiki 2, na hapo aliyejitoa alikuwa na haki. Kinachoamua, basi, si ukubwa wa mchango. Mchango ukiongezeka mara mbili na wenzako wakaja kila mara, bado unashinda mchango mdogo wa chama kisichokuja.

Dereva asiye na pikipiki yake ana hesabu nyingine. Mara nyingi kipuri hununuliwa na bosi, lakini siku iliyopotea ni ya dereva, na hesabu ya bosi ya jioni huenda isisamehewe. Yeye anahitaji msafara kuliko hazina. Mwenye pikipiki anahitaji vyote viwili.

Ajali kubwa haimo katika hesabu hiyo. Bima nchini Kongo ilikuwa ukiritimba wa kampuni ya serikali, SONAS, hadi sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko. Bima ya gari au pikipiki ni lazima kisheria, lakini mguu wa abiria uliovunjika njiani haungoji karatasi kutoka mjini. Wanachama 40 wakitoa lita 2 kila mmoja, hazina inapata lita 80 kwa wiki. Fedha hiyo inaweza kumfikisha majeruhi hospitali leo hii, iwapo ipo kweli na iwapo kuna watu watatu wanaoruhusiwa kuitoa bila kungoja rais wa chama arudi safarini.

Kuna jambo moja ambalo msafara hauliponyi. Upande wa Salamabila, ambako makundi yenye silaha yapo, pikipiki nyingi zikienda pamoja huonekana mbali, na mtu mwenye dhahabu au fedha ndani ya kundi huwaponza wote. Huko watatu ni afadhali kuliko kumi, na siku nyingine afadhali ni kutokwenda.

Motari anayefikiria kurudi, kaka, usiulize kwanza jetoni ni bei gani. Waulize wanachama wanne au watano waliokwama msimu huu wa mvua: nani alikuja, alifika baada ya saa ngapi, alikuwa na kipuri kinachofaa? Kama wengi watakutajia jina na saa, rudi, hata kama mweka hazina humpendi. Daftari lake mtalidai mkiwa ndani. Kama watakuonyesha jileti tu, tafuta wenzako wanne wenye pikipiki kama yako, na hicho kiwe chama chenu.